Sakafu Isiyopigwa Simiti

Omondi, jaduong' wangu, mzee wangu mdogo,

Jua la Ijumaa huwa linanisubiri. Wengine wote, kutoka Rangwe hadi Ndhiwa, hukimbizana nalo kama kuku walioona kisu. Mimi nikitoka nje nikaliangalia, linasimama pale juu ya kilima na kuniuliza, "Fundi, umemaliza?" Nikisema bado, linangoja. Nikisema tayari, linazama, tena kwa heshima, kama mgeni anayeaga. Usicheke. Umekaa na mimi miaka yote hii. Umewahi kuona Sabato ikiingia kwetu sufuria ikiwa bado motoni? Umewahi kwenda kanisani na shati lenye mkunjo? Hata mtoto wa pasta huja na soksi zisizojuana. Wewe, hapana.

Na nani mwingine katika lokesheni hii yote, mwanaume mwenye ndevu zake, anayepiga magoti kila Ijumaa asubuhi na kusiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe? Mmoja tu, na ndiye huyu anayekuandikia. Wale akina mama wanaonisema njiani wakija kuangalia wanafunga mdomo. Nikimaliza, sakafu inalala kama mkeka mpya, mistari ya vidole imepangana nusu duara juu ya nusu duara, mpaka mbuzi wa jirani anafika mlangoni, anaona aibu, anageuka.

Sasa uko kisimani unachota maji ya kesho, na najua hutarudi upesi, kwa sababu kuna wale wasichana wa ng'ambo ya barabara ambao unajifanya huwaoni. Kaa tu huko. Nimevuta kigoda karibu na jiko, nyoyo iko motoni, mahindi na maharagwe yanagombana ndani ya sufuria, na mimi nina kalamu. Kalamu yako, ndiyo. Nimeitoa kwenye lile begi jipya. Ukiitafuta, ujue iliko.

Jumapili asubuhi unaenda Migori kwa mama yako, usome huko, ulale huko, uitwe kijana wa Migori. Barua hii nitakupa kesho jua likishazama. Sitaki kukusukumia mfukoni asubuhi ya safari kama mtu anayetoroka. Nataka uisome ukiwa bado chini ya bati langu, na ukitaka kunirushia kiatu, niwe karibu.

Sitakuambia ulale kwa neti. Sitakuambia usikope chaja za watu. Hayo yote unayajua na hutayafanya. Hata mimi sikuyafanya.

Lakini kuna neno moja. Wiki hii mama yako alinipigia. Sauti yake bado ni ile ile, kavu, kama mtu anayepanga nyanya huku akiongea.

"Baba Omondi. Mtoto anakuja Jumapili."

"Najua. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga. Atafika hapa aniulize kwa nini nilimwacha. Ni wewe utamwambia ama ni mimi?"

Nikaanza, "Hello? Hello? Mtandao uko vibaya huku," nikakata. Sijaweka simu chini, ujumbe ukaingia: *Mtandao uko sawa.*

Unaona mtu unayeenda kukaa naye. Huyo hutamdanganya eti umeoga.

Basi neno lenyewe lazima liwe ndani ya karatasi hii kabla jua halijazama, kwa sababu likizama naweka kalamu chini. Hiyo ni sheria ya nyumba hii na hata mimi huifuata. Nitalisema. Usinisukume. Mimi si mtu wa kusukumwa.

Kwanza nikuambie habari ya watu wanaojidai kutayarisha Sabato, maana huko Migori utakutana na wengi wa aina yao na nisingependa wakutishe.

Mzee Elkana unamjua, yule mzee wa kanisa mwenye koti la kahawia ambalo nafikiri alizaliwa nalo. Kila Ijumaa jioni anazunguka kwa washiriki, eti anawatia moyo. Moyo gani? Ni pua inayotembea, yeye anaifuata tu. Anaingia, anabariki nyumba kwa jicho moja, jicho la pili liko jikoni.

"Leo kuna nini, fundi?"

"Nyoyo, Mzee."

"Nyoyo bila parachichi?"

Kama mimi ndiye niliyepanda maparachichi ya Oyugis yote! Anafunua sufuria, anaonja, anasema chumvi ni kidogo, anaonja tena kuhakikisha, halafu anaomba maombi mafupi kwa sababu ana sufuria nyingine za kutembelea. Huyo ndiye mlinzi wetu wa Sabato. Nimemcheka mzee huyu miaka mingi, nimemwigiza mpaka ukaanguka kitandani kwa kicheko. Kumbuka hivyo. Nitamrudia.

Halafu kuna jirani yetu Min Awuor, mama yake Awuor. Huyo matayarisho yake ni kelele. Tangu alfajiri anapigia watoto ukelele, huyu beba maji, huyu osha sufuria, huyu kimbiza kuku, yeye mwenyewe amesimama katikati ya boma na mikono kiunoni kama mnara wa simu. Vumbi la kwake analifagia kuja upande wetu. Anaanika mapazia Ijumaa mchana ilhali anajua mvua ya hapa ilivyo, Sabato inayakuta kwenye kamba, na hawezi kuyaanua kwa sababu ni kazi. Mapazia yake yamebatizwa kuliko yeye.

Na bado ndiye anayenicheka mimi. Kila nikipiga magoti na ndoo yangu, anakuja kwenye ua.

"Fundi! Leo umesahau kuvaa leso!"

"Nimeiacha kwako, Min Awuor. Bwanako ndiye ameivaa."

Anacheka mpaka anakohoa. Halafu anatoa ile sumu yake ya kila wiki: "Ai, fundi wa simiti anayelala juu ya mavi!"

Hapo huwa nainama naendelea. Wewe pia uliniuliza. Ulikuwa umetoka kwa rafiki yako, yule wa nyumba ya bati la bluu, ambaye sakafu yao niliipiga mimi. Ukasimama mlangoni na lile jicho ulilorithi kwa mama yako, la watu wa Ndhiwa, ukasema, "Baba, wewe unapigia kila mtu simiti. Kwetu kuna nini? Wenzangu wananicheka."

Nilikujibu kwamba simiti ni ya wavivu, na nilikuwa na hotuba yangu tayari. Kwamba watu wa simiti Ijumaa wanamwaga ndoo moja ya maji ya sabuni, wanasukuma na fagio mpaka nje, wanasema wametayarisha nyumba. Wametayarisha nini? Mkono haujagusa chini hata mara moja. Kwamba niru yangu mimi, ile simiti laini ya juu ninayowapigia walimu na wenye maduka, inateleza hata unaweza kuchana nywele ukijiangalia ndani, lakini haina harufu ya Ijumaa. Ulisikiliza yote. Ukasema, "Sawa, Baba," kwa ile sauti ya mtu anayefunga duka.

Hukuniamini. Ulifanya vizuri. Sikuwa nikisema ukweli.

Ngoja nigeuze kuni.

Nilitoka shule kidato cha pili, hiyo unaijua, na unajua nilivyokuambia sababu, kwamba nilikuwa najua kuliko mwalimu. Sehemu yake ni kweli. Nilijua kupiga soga kuliko mwalimu. Nikashika mwiko na karai, na mkono wangu ukawa mwepesi, na mtu mwenye mkono mwepesi akiwa kijana anafikiri na kichwa chake kiko hivyo hivyo. Nilipomwoa mama yako nilikuwa bado na chunusi. Watu walimwita nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, kama ilivyo desturi, na alikuwa na miguu ya soko. Anauza nyanya Oyugis, anarudi na kreti tupu kichwani, anaimba. Mimi nilikaa pale nikijiona nimemfanyia hisani kumwoa.

Miaka ile sikuwahi kusiriba hata upana wa sahani. Mwanaume asiribe? Hata ndoo ya mavi nilikuwa nairuka.

Nilijifunza baada ya yeye kuondoka, na nilijifunza kwa aibu. Ijumaa ya kwanza nilichanganya maji mengi kama uji, nikamwaga mchana jua likiwa limeshachoka, ikakataa kukauka. Asubuhi ukatoka kitandani na kaptura yako nyeupe ya kanisa, ukateleza, ukakaa chini pwaa! Ukaniangalia. Hukulia. Uliniangalia tu, kama mtu anayeuliza, "Ndiyo wewe umebaki?" Ijumaa ya pili nikaweka udongo mwingi, ikapasuka kama kisigino. Min Awuor akapiga kelele kutoka kwenye ua, "Weka majivu, mjinga wewe! Na anza asubuhi! Na rudi nyuma kuelekea mlangoni, usije ukajifungia ndani!" Ndiye aliyenifundisha. Kwa matusi, lakini alinifundisha.

Na wewe ulipofika zamu yako hukumsikiliza mtu. Unakumbuka ile Ijumaa nilikuwa na malaria, ukasema utasiriba peke yako? Ulianzia mlangoni, jaduong'! Mlangoni! Ukaenda ukirudi nyuma mpaka ukafika kwenye kona kule mwisho, umezungukwa na sakafu mbichi kila upande, umekumbatia ndoo. Nikaamka kwa sauti yako.

"Baba. Niruke?"

"Ukiruka na kuacha unyayo wako hapo, utalala na ng'ombe."

"Sasa nifanye nini?"

"Simama. Ni kazi yako, ingoje ikauke."

Nikavuta blanketi mpaka mlangoni, nikakaa pale na homa yangu, nikakuhadithia uongo wangu wote, ule wa nyoka aliyeingia kwenye karai, ule wa mwalimu mkuu na nyuki. Nilikurushia mahindi ya kuchemsha punje moja moja ukadaka kwa mdomo. Mistari yako ilikuwa kama mahali kuku wamepigana. Lakini sikuondoka mlangoni mpaka ulipotoka. Kama kuna kitu kimoja nilifanya sawasawa katika nyumba hii, nadhani ni kukaa pale mlangoni siku ile. Nilikuwa nimeshajua mlango unaweza kufanya nini.

Haya, umerudi. Umeweka mitungi chini kama unaivunja.

"Unaandika nini?"

"Namwandikia gavana."

"Ya nini?"

"Asikuruhusu kupita Jumapili."

"Baba, nyoyo inaungua."

Na kweli inaungua. Nimeipakua, chini imeshika rangi ya tope, juu bado ni chakula. Umenicheka ukaenda kuwasha pasi ya makaa. Miaka yote hii haijawahi kuungua. Mzee Elkana akija leo atakuwa na la kusema mpaka mwaka ujao. Hata sufuria leo imejua ninazunguka.

Jua liko juu ya kilima. Linaniuliza kama nimemaliza.

Bado.

Nilikuambia mama yako alipenda soko kuliko nyumba. Ulipokuwa mdogo ukiuliza, nilisema, "Ako Oyugis, anauza nyanya." Ulipokuwa mkubwa kidogo nikasema, "Aliona nyanya ni bora." Nilipata hata namna ya kulisema kwa mzaha, watu wakacheka, na wewe ukacheka kwa sababu watu wamecheka. Nilikuambia hakurudi kukuona. Alirudi, akiwa na kaka yake, kukuchukua. Wazee wa ukoo wakasema mtoto ni wa boma la baba yake, na mimi nilikaa pale nimekunja nne, nikawaacha waseme. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unacheza na mwiko wangu.

Sasa sikia ilivyokuwa.

Ulikuwa umeanza kutembea lakini bado unaanguka. Nilikuwa nataka kuwa shemasi. Cheka. Baba yako, shemasi! Nilijiona nimesimama mbele na kile kikapu cha sadaka, suti imekaa, watu wananiita Ndugu. Kwa hivyo nikaalika watu wa kanisa waje kupokea Sabato kwetu, Mzee Elkana na mkewe na wengine, na nikatangaza kila mahali. Alhamisi ndipo nilimwambia mama yako. Alhamisi jioni. Hata kumuuliza sikumuuliza.

Akasema, "Kesho niko Oyugis. Nyanya zikilala tena zinaoza. Siriba wewe."

"Mimi?"

"Si unapigia Rangwe yote simiti? Mavi ndiyo yatakushinda?"

Nikacheka, nikadhani ni utani. Asubuhi alikuwa ameshaleta mavi ya ng'ombe na udongo na majivu, ameyaweka mlangoni, ametengeneza kila kitu isipokuwa mkono wangu. Maharagwe alikuwa ameyachemsha kabla ya kutoka. Nikaruka lile fungu nikaenda kwenye kioski kusimulia habari za wageni wangu. Nikaazima tai. Siku nzima nilikuwa natayarisha Sabato kwa mdomo.

Jioni alikuja mbio, miguu imejaa vumbi, kreti kichwani. Akasimama mlangoni, akaona fungu liko pale pale limekauka juu. Mimi ningependa angesema kitu, ningepata la kujibu. Aliweka kreti chini, akamwagia maji, akakunja gauni la sokoni, akapiga magoti kule mwisho karibu na ukuta, akaanza. Omondi, mkono wa mama yako. Sijaona fundi mwenye mkono kama ule. Alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, nusu duara, nusu duara, haraka na bila kukosea.

Alikuwa amefika katikati ya chumba tuliposikia wageni wanakuja wakiimba.

Wakaingia, wakasimama kwenye ile nusu iliyo kavu karibu na mlango, wamebanana, na mke wangu chini miguuni mwao na mikono ya kijani mpaka kwenye viwiko. Nje jua likazama. Halikunisubiri. Halijawahi kumsubiri mtu, lakini siku ile ndiyo nililijua. Nikaona macho ya watu. Nikaona kikapu cha sadaka kinaenda kwa mtu mwingine.

Nikamwambia, "Acha. Sabato imeingia."

"Wacha nimalize, imebaki kidogo."

"Acha hivyo hivyo. Toka nje. Nyumba yangu si soko."

Na unajua nani aliongea? Mzee Elkana, yule wa sufuria. Wewe ulikuwa mikononi mwake unavuta kifungo cha lile koti. Akasema polepole, "Mwache mama amalize, fundi. Mungu si karani wa saa."

Hata akaanza kukunja mkono wa koti, nadhani alitaka kushika ndoo. Na mimi, nikajiona ni mtakatifu kuliko mzee wa kanisa, nikamjibu mbele ya watu wote, "Mzee, kwangu Sabato inaheshimiwa."

Mama yako akainuka. Akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akatoka akishika mikono mbele yake hivi, asiguse mtu nguo. Ushemasi hawakunipa. Walimpa yule fundi wa viatu.

Asubuhi hakuwepo. Min Awuor alisema amenawa kwake, amelala kwake, ameondoka kabla ya watu kuamka. Ndiyo maana Min Awuor ana ruhusa ya kunicheka mpaka nife, na ndiyo maana sijawahi kumwambia anyamaze.

Siku nzima ya Sabato sakafu ilikaa hivyo, nusu imesiribwa, nusu vumbi, na mstari wa mwisho wa vidole vyake umeishia katikati kama mtu aliyekatizwa akiongea. Nilikaa pale nikauangalia, kwa sababu Sabato hakuna kazi nyingine. Wiki iliyofuata nilipiga magoti mbele ya mistari ile, nikaweka vidole vyangu ndani ya njia za vidole vyake, nikajaribu kuifuata. Hivyo ndivyo nilivyojua kusiriba. Ile nusu duara ninayojisifia si yangu. Ni yake. Kila Ijumaa tangu siku hiyo nimeongeza tabaka juu ya tabaka, na chini kabisa ya yote kuna ule mkono ulioishia katikati ya chumba. Sasa unajua kwa nini sijapiga simiti. Kupiga simiti lazima uchimbe kwanza, ung'oe ya zamani, ushindilie mawe. Nimewachimbia watu sakafu zao bila huruma. Hii imenishinda.

Mashauri sina mengi, na niliyo nayo nimeyanunua kwa bei mbaya. Huko kwa mama yako sijui kama bado anashika Sabato ama anapumzika Jumapili ama hapumziki kabisa. Usimuulize kwa sauti ya kanisa. Siku yoyote atakayotayarisha, amka mapema umtangulie, na kama jua litamkuta na kazi mkononi, usimwangalie kwa macho ya wageni wangu. Shika upande wa pili. Mkono unao. Mistari yako bado ni ya kuku, lakini itanyooka.

Umenitolea shati langu, umelipiga pasi na kulitundika mlangoni. Nimeliona. Kola umeipinda kidogo. Sisemi kitu.

Mwanga umebaki mwembamba. Nimesikia pua ya Mzee Elkana inakuja njiani. Leo nitamwambia aonje mpaka ashibe.

Neno lenyewe ni hili, na ulipate kwangu kabla hujalipata kwake. Mama yako hakutuacha siku ile. Alipotoka, nilifunga mlango nyuma yake, nikasukuma komeo. Wageni walisikia. Wimbo ulikuwa umeanza. Alibisha mara moja tu, tena si kwa nguvu, nadhani alibisha kwa kiwiko, akasema, "Baba Omondi, maji ya kunawa yako ndani."

Nilimsikia vizuri. Nikapandisha sauti ya wimbo.